Ndege moja, majeshi matatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu gharama

Jumamosi jioni, nikishamaliza kusahihisha madaftari, huwa napita kijiwe cha kahawa karibu na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Pale utamkuta mzee aliyefanya kazi reli ya TAZARA mpaka akastaafu, vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria, na mama muuza kashata ambaye kwa kuuliza maswali anatushinda wote. Miezi kadhaa sasa mjadala umeng'ang'ania ndege za kivita za Wamarekani, hasa ile F-35 inayotumiwa na majeshi matatu kwa mpigo. Mimi nafundisha fizikia, basi kila ubishi ukikwama naitwa. Nimechoka kurudia yale yale, nimeyaandika.

Mwalimu, tuambie kwanza: F-35 moja ni shilingi ngapi?

Unauliza bei ipi? Zipo tatu, na watu hubishana usiku kucha kwa sababu kila mmoja ameshika ya kwake.

Ya kwanza ni bei ya ndege ikitoka kiwandani. F-35A, ile ya jeshi la anga, kwa miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka dola milioni 80. Ukipiga kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi bilioni 200.

Ya pili ni hiyo hiyo ukiongeza usanifu: miaka ya wahandisi, majaribio, mitambo ya kiwanda, ndege za mfano zilizoruka na kuchunguzwa. Aliyejenga kwenye miteremko ya Loleza ananielewa. Unamwaga saruji na mawe msimu mzima, majirani wanapita hawaoni hata tofali moja la ukuta, na pesa imekwisha. Huo ndio msingi, na ndege ya kivita ina msingi mrefu kuliko ukuta.

Ya tatu ni bei ya kuitumia mpaka izeeke: mafuta, vipuri, mafundi, mafunzo, marekebisho ya programu. Hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, na nitaifikia.

Kwa nini basi majeshi yaungane? Si kila mmoja anunue yake?

Kwa sababu msingi ni ule ule uwe unajenga chumba kimoja au kumi. Itazame B-2, ile ndege ya Wamarekani ya kudondosha mabomu isiyoonekana kirahisi kwenye rada. Ziliundwa 21 tu. Gharama yote ikagawanywa kwa hizo 21, na kila moja ikaangukia zaidi ya dola bilioni 2. Vyuma vyake si vya dhahabu. Wachangiaji wa msingi ndio walikuwa wachache.

Halafu kuna hesabu ya mikono kuzoea kazi. Mwaka 1936 mhandisi Mmarekani, T. P. Wright, alionyesha kwamba kila idadi ya ndege zilizoundwa inapoongezeka maradufu, kazi inayohitajika kwa ndege moja hupungua kwa karibu asilimia 20. Fundi wa vitanda hapo Soweto hahitaji kuisoma. Kitanda cha kwanza cha mtindo mpya humla wiki, cha kumi anakimaliza siku mbili huku anapiga soga.

Kwa hiyo hoja ya kuungana ni ya kweli kabisa. Mtu asije akasema mwalimu anapinga ushirika.

Sasa kama hoja ni ya kweli, mbona bei inapanda?

Hapa nitaomba kutoka nje ya mada kidogo, maana bila hili lori la ukoo wetu sitaeleweka.

Baba mkubwa alikuwa anapeleka viazi Dar kutoka Isyonje, lumbesa zile zinazochungulia juu ya bodi. Baba mdogo alifanya biashara ya mbao za Makete. Shangazi alikusanya maziwa vijijini upande wa Tukuyu. Wakakaa kikao, wakachanga, wakanunua Fuso moja kuukuu. Kila mtu alipiga makofi, mimi nikiwemo. Nilikuwa kidato cha tatu na ndiye niliyepiga hesabu ya mgawo.

Wiki ya pili baba mdogo akasema bodi ni fupi, mbao zinaning'inia. Fundi akakata chesisi, akairefusha. Chesisi ndefu ikaanza kulegea katikati, ikaongezwa vyuma vya kuikaza chini. Baba mkubwa akataka kuta za juu za kuzuia viazi, zikachomelewa. Shangazi akadai paa la turubai lenye reli, maziwa yasipigwe jua. Kwa kuwa gari limekuwa zito, ikabidi kuongeza springi. Springi mpya ngumu zikawa zinatingisha madumu ya maziwa mpaka yanafika yamekaribia kuwa siagi.

Siku ya safari ya kwanza ya Dar, mizani ya Makambako ikamaliza ubishi. Yale mavyuma yote, kabla ya kiazi hata kimoja, yalikuwa yamekula karibu tani nzima ya mzigo. Gunia kumi zikashushwa pale pale barabarani. Na njia ya kwa shangazi gari halikuweza kuingia tena, kwa sababu kwa urefu ule halikati kona.

Ndivyo inavyokuwa kwa ndege, isipokuwa ndege haina mahali pa kushusha gunia.

Anayedai zaidi si alipe zaidi? (Swali la mama kashata.)

Pesa, pengine. Uzito haugawanyiki hivyo. Shangazi hata angelipia turubai lake peke yake, baba mkubwa angeendelea kulibeba kila akienda Dar. Wakishatumia umbo moja, dai gumu la mmoja linakuwa mzigo wa wote, pamoja na wale wasiolihitaji kabisa. Likumbuke hilo tunapofika kwa F-35.

Nani alianza jambo hili?

Ushirika wa ndege ni wa zamani, lakini kesi inayotajwa kila mara ni ya Robert McNamara, Waziri wa Ulinzi wa Marekani kuanzia 1961. Alitoka kampuni ya magari ya Ford, akakuta jeshi la anga na jeshi la wanamaji kila moja linataka ndege mpya. Akaagiza: unganeni, ndege moja. Novemba 1962 kazi ikapewa General Dynamics ikisaidiana na Grumman, na ndege ikaitwa F-111.

Jeshi la anga lilitaka ndege ya kupita chini kabisa, karibu na ardhi, kwa kasi inayozidi ya sauti, kwenda kupiga mbali. Hiyo inataka mwili mrefu na mwembamba. Wanamaji walitaka ndege ya kuelea angani muda mrefu juu ya meli zao, ikiwa na rada kubwa na makombora ya masafa marefu, halafu itue kwenye manowari ya kubeba ndege. Hiyo inataka mwili mfupi, pua pana na marubani wawili wanaokaa bega kwa bega. Wakakubaliana marubani wakae bega kwa bega, na ile ya wanamaji, F-111B, ikafupishwa pua ili iingie kwenye lifti za manowari.

Ikawa nzito mno. Zikaundwa saba tu, na mwaka 1968 mradi wa wanamaji ukafutwa. Jeshi la anga likabaki na yake na ikalitumikia vizuri. Australia nayo ilirusha za kwake mpaka 2010.

Lakini hiki ndicho ninachokipenda mimi katika hadithi hii: injini, rada na makombora ya F-111B havikutupwa. Vilihamia kwenye F-14 Tomcat, ndege ambayo wanamaji walijisanifia wenyewe. Walichoshindwa kugawana ni umbo tu.

Na F-35 ikoje? Ilikuwaje warudie kosa?

Walidhani wamepata dawa. Badala ya ndege moja sawasawa, wangekuwa na ndugu watatu wa tumbo moja. F-35A ya jeshi la anga inapaa na kutua kwenye njia ya kawaida. F-35B ni ya Marine Corps, askari wanaopigana kutoka melini hadi nchi kavu. Inapaa kwa njia fupi na inaweza kutua wima kama mwewe. F-35C ni ya wanamaji, ya manowari kubwa. Tarehe 26 Oktoba 2001 Lockheed Martin wakaishinda Boeing na kupewa kazi.

Ahadi ilikuwa sehemu zinazofanana zifike asilimia 70 au zaidi. Mwaka 2016 jenerali aliyekuwa akisimamia mradi alikiri hadharani kwamba mwili wa ndege hizo unafanana kwa asilimia 20 hadi 25 tu. Kwa maneno mengine, ni ndege tatu zilizopewa jina moja.

Angalia zinavyoachana. Mabawa ya C yana eneo la mita za mraba 62, ya A na B hayafiki 43, kwa sababu anayetua melini lazima aje polepole na bawa kubwa ndilo linalomshikilia. Mabawa ya C yanakunjwa, magurudumu yake ni ya kuhimili kubamizwa, na nyuma kuna ndoano ya kunasa waya. B imebeba feni kubwa nyuma ya rubani, inayozungushwa na mhimili kutoka kwenye injini. Feni hiyo imekalia sehemu ambayo kwa wenzake ni tangi, hivyo B ina mafuta ya ndani kama tani 6 ilhali A ina zaidi ya 8. A ina mzinga ndani ya mwili. B na C huufunga nje kwa chini.

Mwaka 2004 ndipo walipofika kwenye mizani yao ya Makambako. Hesabu zilionyesha B imezidi kwa karibu tani moja, na ndege inayotakiwa kutua wima haiwezi kubishana na tani moja. Kikosi maalumu kikaundwa kufukuzana na kilo. Chumba cha mabomu cha B kikafupishwa, vyuma vikapunguzwa unene, michoro ikarudiwa. Kwa kuwa ndugu wanatumia umbo moja, mengi ya marekebisho hayo yakawagusa hata A na C, ambao shida yao ya uzito haikuwa kali hivyo. Ratiba nzima ikasogea mbele.

Feni haimo ndani ya A, lakini umbo la A lilipangwa tangu mwanzo likijua kuna ndugu mwenye feni. Turubai la shangazi hilo.

Tupe hesabu, mwalimu, si hadithi.

Mwaka 2001 mpango ulikuwa ndege 2,866 kwa Wamarekani, kwa jumla ya dola bilioni 233, ndani yake usanifu ukiwa bilioni 34 na ushee. Mwaka 2012, mahesabu yalipopangwa upya, ndege zilipungua hadi 2,457 na gharama ikapanda hadi dola bilioni 395.7, usanifu peke yake ukiwa bilioni 55. Gawanya mwenyewe: kutoka dola milioni 81 kwa ndege hadi milioni 161. Maradufu, na hapo ndege 409 zimekatwa.

Kukata ndege ili kuokoa pesa huongeza bei ya zinazobaki, kwa sababu msingi umeshamwagwa. Wajumbe wa kamati za harusi wanalijua hili. Waliotoa ahadi wakiingia mitini, ukumbi haupunguzi bei, na waliobaki ndio wanaongezewa mchango.

Na ile bei ya tatu?

Shika kikombe vizuri. Mwaka 2024 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa makadirio kwamba kuzitunza na kuzirusha F-35 za Marekani hadi zistaafu, miaka ya 2080 mwishoni, kutagharimu dola trilioni 1.58. Mwaka 2018 makadirio yalikuwa trilioni 1.1. Ukijumlisha na ununuzi unavuka dola trilioni 2.

Kwa kiwango kile kile cha 2,500 hizo ni shilingi trilioni 5,000. Bajeti nzima ya serikali yetu ya 2024/25, barabara, mishahara, shule, madeni na yote, ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Ni miaka 100 ya bajeti ile. Kijana mmoja wa bodaboda alinitaka nirudie hesabu mara tatu, na mara tatu jibu lilikuwa lile lile.

Kuna mtu aliyekaa akapima kama kuungana kunaokoa pesa?

Yupo. Taasisi ya utafiti ya RAND ilifanya hivyo kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani na kutoa matokeo 2013. Walilinganisha miradi ya ndege ya pamoja na ya jeshi moja moja, wakaitazama miaka tisa baada ya usanifu kamili kuanza. Miradi ya jeshi moja ilikuwa imepanda gharama kwa wastani wa asilimia 24, ya pamoja asilimia 65. Wakahitimisha kwamba ndege tatu tofauti huenda zingekuwa nafuu kuliko F-35 katika maisha yake yote.

Nionavyo mimi, hesabu hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu: miradi yenyewe ni michache na kila mmoja una vituko vyake. Lakini tofauti ya 24 na 65 si ya kupuuza.

Hakuna waliofanikiwa kabisa?

Wapo, tena wengi kuliko watu wanavyodhani.

F-4 Phantom iliruka mara ya kwanza Mei 1958 ikiwa ya wanamaji peke yao. Hakukuwa na kamati. Ilipoonekana inafaa, jeshi la anga na Marine Corps wakaichukua, na zikaundwa zaidi ya 5,000. Ndege iliyokwisha kuzoea ugumu wa melini haipati shida kwenye njia ya lami ya kilomita tatu. Kinyume chake ni kigumu sana.

Helikopta ya Black Hawk ilianza na jeshi la nchi kavu mwishoni mwa miaka ya 1970. Wanamaji wakachukua mwili na injini zake, wakaweka vyombo vyao vya kutafuta nyambizi, wakaiita Seahawk. Ndege ya mafunzo ya T-6 nayo inatumiwa na jeshi la anga na wanamaji bila makelele. Kumfundisha mwanafunzi kuruka ni kazi ile ile, awe atakwenda baharini au la.

Na Wafaransa. Walijitoa kwenye mradi wa pamoja wa ndege ya kivita ya Ulaya mwaka 1985, moja ya sababu ikiwa ni kutaka ndege nyepesi inayoweza kutua kwenye manowari yao. Wenzao wakaendelea na Eurofighter, wao wakaunda Rafale. Rafale ya wanamaji ni nzito kuliko ya jeshi la anga kwa takriban nusu tani, na vilivyobaki karibu vyote ni vile vile. Hakuna aliyedai kutua wima.

Ikitokea mwenzenu akajitoa katikati?

Inategemea nani anabaki. Osprey, ile inayogeuza injini zake ikawa nusu helikopta nusu ndege, ilianza 1981 ikiwa mradi wa majeshi yote, jeshi la nchi kavu likiwa mbele. Mapema tu nchi kavu wakajitoa. Dick Cheney, akiwa Waziri wa Ulinzi, alijaribu kuifuta kabisa mwaka 1989. Bunge likaikingia kifua. Marine Corps wakaing'ang'ania mpaka ikaingia kazini 2007.

Kwenye F-35 kuna pia nchi washirika zilizochangia usanifu: Uingereza ikiwa ya kwanza kwa ukubwa wa mchango, kisha Italia, Uholanzi, Uturuki, Kanada, Australia, Denmark na Norway. Uturuki iliponunua mitambo ya Urusi ya kutungulia ndege, S-400, ikaondolewa kwenye mradi Julai 2019. Viwanda vyake vilikuwa vinatengeneza vipuri, kwa hiyo ilibidi kutafuta watengenezaji wengine. Ni kama mwanakikoba aliyefukuzwa huku sufuria za kikundi ziko jikoni kwake.

Na hizi zinazotua uwanja wa ndege wa Songwe, nazo ni hivyo hivyo?

Za abiria hazina majeshi, lakini msingi ni ule ule. Airbus A220 unayoiona ikitua Songwe haikusanifiwa na Airbus. Iliundwa Kanada na Bombardier, na usanifu ukala zaidi ya dola bilioni 5 mpaka kampuni ikayumba. Mwaka 2018 Airbus wakachukua hisa nyingi za mradi kwa malipo ya dola moja ya Kanada. Ndiyo, moja.

Wamarekani wamejifunza?

Kwa ndege zinazofuata, jeshi la anga na wanamaji kila mmoja ana mradi wake. Machi 2025 Boeing walitangazwa washindi wa ile ya jeshi la anga, F-47. Ya wanamaji, F/A-XX, ni mradi wa peke yake. Ulaya bado wanapenda ushirika: Uingereza, Italia na Japani wana wao, Ufaransa, Ujerumani na Hispania walianzisha wao, na huu wa pili ulijaa ugomvi wa nani aongoze.

Mbona TAZARA ni ya nchi mbili na ilijengwa? (Swali la mzee wetu.)

Mzee, shikamoo, hili ulinibana nalo wiki nzima. Kilomita 1,860, Tanzania na Zambia nusu kwa nusu, mkopo wa China usio na riba, kazi ikakamilika ndani ya miaka mitano hivi. Nadhani iliwezekana kwa sababu nchi zote mbili zilitaka treni ile ile ya mizigo: shaba iteremke, bidhaa zipande. Hakuna aliyedai treni inayopaa wima.

Ila dai moja gumu lilikuwepo, na wewe unalijua kuliko mimi. Zambia ilikuwa na reli ya upana wa milimita 1,067, sisi reli yetu ya kati ilikuwa 1,000. Ikachukuliwa ya Zambia, ili behewa lipite moja kwa moja. Kwa sababu ya milimita 67 hizo, reli zetu mbili zinapokutana Kidatu behewa haliwezi kuvuka. Kontena linainuliwa kwa winchi kutoka treni moja na kuwekwa kwenye nyingine.